Kidole Juu ya Donge

Kazi yote ya kolache huishia kwenye kidole. Unga umekwisha kukandwa, umeumuka mara ya kwanza, umekatwa vidonge vya ukubwa wa yai, vikaviringwa na kupangwa kwenye trei iliyopakwa siagi, kisha vikaumuka tena hadi vikagusana. Sasa mwokaji anasimama mbele ya trei na kuamua kama wakati wa kubonyeza umefika. Akiwahi, donge bado lina nguvu ya kujirudi: shimo alilolibonyeza litajifunga polepole na kulisukuma tunda juu, limwagike ukingoni. Akichelewa, donge limeshalegea, na kidole kikiligusa tu kingo zinanywea zisiinuke tena. Kati ya hayo mawili pana dakika chache, na saa ya ukutani haisaidii, kwa sababu joto la chumba na unyevu wa siku hubadilisha hesabu. Kwa hiyo anagusa ubavu wa donge kwa ncha ya kidole na kutazama alama inavyorudi taratibu, isimalizike kurudi. Hapo ndipo anaanza, vidole viwili vya kila mkono, kutoka katikati kwenda nje, trei nzima bila kusita.

Kolache ni mkate mtamu wa Wacheki, wa duara, wenye shimo la tunda au jibini katikati. Texas ndiko ulikopata maisha mapya, tena kando ya barabara. Ukitoka Dallas kwa barabara kuu ya I-35 kuelekea Austin, kiasi cha kilomita 30 kabla ya Waco unafika mji mdogo unaoitwa West. Hapo kuna duka la Czech Stop, lililofunguliwa mwaka 1983, pamoja na kituo cha mafuta, na milango yake haifungwi usiku wala mchana. Madereva wa malori husimama, wanafunzi wa chuo husimama, familia zinazokwenda harusini husimama. Wenzetu wamo pia, maana Dallas na Fort Worth zina Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi, na I-35 ndiyo njia yao ya Austin na San Antonio. Ukisafiri nao, gari halijakaribia Waco utasikia sauti kutoka kiti cha nyuma: “Shemeji, West tunasimama, ama vipi?” Na shemeji keshawasha indiketa.

Watu huingia, huonyesha kidole kwenye kabati la kioo, hulipa na kutoka. Mimi hupenda kuchelewa hapo. Dukani popote ambapo unaweza kuwaona wanaofanya kazi nyuma ya kaunta, nasogea pembeni nisimzibie mtu njia, nikatazame mikono. Chakula hiki kinachonunuliwa upesi namna hii kimechukua saa nyingi za mtu aliyesimama, na kwa kuwa ladha yake hupungua kila saa inayopita baada ya kutoka ovenini, hakiwezi kutengenezwa jana kikauzwa leo kwa heshima ileile. Duka lisilofunga maana yake ni kwamba daima kuna donge linaloumuka, donge linalobonyezwa na donge linalotoka motoni, hata saa tisa za usiku.

Walioleta ujuzi huu hawakuwa na barabara kuu. Mwaka 1850 mchungaji wa Kiprotestanti, Josef Arnošt Bergmann, alifika Cat Spring, Texas, akawaandikia jamaa zake barua kuhusu ardhi aliyoikuta, na barua hizo zikachapishwa gazetini huko Moravia, iliyokuwa wakati huo chini ya dola ya Austria. Mwaka uliofuata kundi la kwanza la familia likaondoka, likiongozwa na Josef Šilar. Safari ilikuwa mbaya mno, na wengi wao walikufa kabla ya kufika. Waliofuata walizidi kuja, wakishukia bandari ya Galveston, wakapanda mikokoteni hadi kwenye udongo mweusi wa kaunti ya Fayette na jirani zake, wakalima pamba na mahindi. Majina ya vijiji vyao bado yako kwenye ramani: Praha, Dubina, Frenstat. Wengi walitoka katika vilima vya mashariki ya Moravia, nchi ya plamu na peazi, na kina mama waliokuja walikuwa wamebeba mapishi vichwani.

Donge lenyewe ndilo ninalolistahi kuliko vyote. Wanunuzi huuliza tunda gani lipo, na mwokaji mzuri huuliza unga wake ukoje. Ni unga wa ngano, maziwa, siagi, viini vya mayai, sukari, chumvi kidogo na hamira. Aliyekulia pwani akikanda mahamri ataujua mara moja unga wa aina hii, ulioshiba mafuta na utamu. Tofauti ni kwamba unga wa mahamri hukandwa ukakaza, usukumwe na kukatwa, ilhali huu wa kolache huachwa laini kupita kiasi, wenye kunata, karibu haushikiki. Hapo ndipo mtu asiyezoea hushindwa. Vidole vikinata, mkono unakwenda wenyewe kwenye mfuko wa unga kuongeza konzi moja, kisha nyingine, na kila konzi inaukausha mkate utakaokuja. Fundi havumilii tu kunata huko, anakutafuta. Anakanda kwa muda mrefu, akiupiga na kuuvuta, mpaka donge lenyewe linaanza kuachana na kuta za bakuli na uso wake unang’aa. Mkono wake anaupaka siagi, haupaki unga.

Siagi na sukari huichosha hamira na kuulegeza unga, kwa hiyo kuumuka kwake ni kwa taratibu. Wa zamani walikuwa wakichemsha maziwa kwanza na kuyaacha yapoe hadi vuguvugu. Walijua kwa uzoefu kwamba maziwa yaliyopata moto hutoa mkate mwororo zaidi, na waliosoma kemia ya unga baadaye walikuta sababu: moto huzibadilisha protini za maziwa ambazo zingeuzuia mkate usiinuke vizuri. Katika jikoni za kuni za Fayette hakuna aliyehitaji kuelezwa hayo. Mafuta ya nguruwe yaliingia mahali pa siagi ilipokosekana, na donge lilifunikwa kwa kitambaa na kuwekwa karibu na jiko, si juu yake.

Kwa nini vidonge hupangwa vikigusana? Kwa sababu vikibanana haviwezi kutanuka ubavuni, vinalazimika kwenda juu. Ubavu wao hauonani na moto, unabaki mweupe na laini, na juu peke yake ndiko kunakopata rangi ya kahawia. Ukiitenga kolache moja na mwenzake, mkate unaachana kwa nyuzinyuzi ndefu. Ukiona kolache yenye ubavu mkavu wa kahawia pande zote, aliyeioka aliipa nafasi iliyozidi.

Sasa vya kujazia. Kila duka lina stroberi, cheri, buluberi na nanasi, na sina ugomvi navyo. Ila vile vya asili ni vinne: plamu kavu, aprikoti kavu, jibini, na mbegu za popi. Vyote vinataka kazi, na kazi hiyo haionekani kabatini. Plamu huchemshwa, hutolewa kokwa, hupondwa na kurudishwa motoni pamoja na mdalasini, mpaka mwiko ukipita chini ya sufuria unaacha njia ambayo haijifungi mara moja. Uzito huo ndio unaoilinda kolache. Tunda la majimaji, la kopo, hulowesha sakafu ya shimo, na sakafu hiyo ni nyembamba kama ukucha, kwa maana fundi amebonyeza hadi karibu kugusa trei bila kutoboa. Tena tunda lisiwe baridi linapotiwa, maana baridi huizuia hamira iliyo chini yake, nawe utaona mkate umeinuka pembeni tu, katikati ni mbichi.

Jibini ni lile laini la maziwa yaliyokatika, ambalo lazima lining’inizwe kwenye kitambaa hadi maji yaishe, ndipo lichanganywe na kiini cha yai, sukari na ganda la limau lililokunwa. Likifanywa vizuri huwa na uchachu mdogo unaoushika utamu wa mkate usizidi.

Lakini anayetaka kumjua mwokaji na atafute popi. Ni mbegu ndogo kuliko ufuta, za rangi ya samawati iliyofifia, na zikiwa nzima hazina ladha ya maana, zinakwama tu kwenye meno. Lazima zisagwe kwa mashine yake ya mkono hadi zitoe mafuta, kisha zipikwe kwa maziwa na sukari ziwe rojo zito, jeusi. Zikishasagwa hazikai: mafuta yake huchacha upesi na kuleta uchungu. Kwa hiyo bekari inayouza popi nzuri ni bekari inayosaga leo kwa ajili ya leo. Nimewahi kumtazama mama mmoja mtu mzima, katika bekari ndogo mashariki ya La Grange, akilitia rojo hilo kwa kijiko cha chai. Kila shimo alilipa kijiko kimoja kilichojaa, akakigeuza kwa mzunguko mdogo wa kiganja ili rojo lijae hadi ukingoni lisipande juu yake, akahamia jingine. Hakutazama kijiko. Alikuwa akizungumza na mwenzake muda wote, na safu zilinyooka.

Baada ya hapo hunyunyizwa chenga za posypka, ambazo ni unga, sukari na siagi baridi vilivyofikichwa kwa ncha za vidole. Joto la kiganja huiyeyusha siagi na chenga zikawa kibonge kimoja, kwa hiyo wenye mikono ya moto hufikicha haraka na kuacha mapema. Trei hupumzika kidogo, huingia ovenini kwa moto wa kadiri kwa robo saa hivi, na ikitoka tu hupakwa siagi iliyoyeyushwa, ingali ikitoa mvuke. Siagi hiyo huifanya ngozi ya mkate ibaki laini. Nimeona mahali wanapoiruka hatua hii ili kuokoa muda, na mkate wao ulikuwa mgumu kabla ya saa sita za mchana.

Kuna pia zile ndefu zenye soseji ndani, ambazo wasafiri wengi huzipenda kuliko za tunda. Wacheki wa Texas wenye msimamo hawazihesabu kuwa kolache. Ni kitu kingine chenye jina lake, klobasnek, na bekari ya Village Bakery, iliyofunguliwa hapohapo West mwaka 1952, inatajwa kuwa ndiyo iliyozibuni. Ni tamu, na zinashibisha dereva. Donge ni lilelile, ila limefungwa kabisa, hivyo ule ustadi wa kidole hauko.

Huko Moravia mambo yalikwenda kwingine. Katika vilima vya Valašsko huoka frgál, mkate bapa wa upana wa kama sentimita 30, uliofunikwa wote kwa rojo la peazi kavu, na tangu 2013 jina hilo linalindwa na Umoja wa Ulaya. Ni ndugu wa damu wa kolache ya Texas, lakini frgál unga wake ni sakafu nyembamba ya kubebea tunda. Texas walirudisha heshima kwa mkate, tunda likawa moyo mdogo katikati. Mimi nasimama na Texas katika hili, ingawa najua mzee wa Frenštát ya huko Moravia angenikatalia.

Kwa muda mrefu ujuzi huu ulikuwa wa nyumbani. Ikikaribia harusi, wanawake wa jirani walikusanyika jikoni kwa mwenye shughuli wakaoka mamia kwa mamia, na binti alijifunza kwa kukabidhiwa kazi moja tu, kuviringa, miaka kadhaa kabla hajaruhusiwa kubonyeza. Siku hizi mji wa Caldwell una tamasha la kolache kila Septemba, lenye mashindano ya kuoka, na majaji huipasua kila moja kutazama ndani kabla ya kuonja. Maduka makubwa yana mashine za kukanda na za kukata vidonge, na sioni ubaya, maana mashine haichoki na mgongo wa mtu huchoka. Mashine ikiligusa donge bado haijui mguso huo unasema nini, kwa hiyo pale kwenye kubonyeza, hata duka lenye oveni nyingi humweka mtu.

Ukisimama West, au Ellinger kwenye barabara ya 71 ambako Hruska’s wamekuwa wakifanya biashara tangu 1912, uliza kwanza ni trei gani imetoka sasa hivi, uchukue hiyo, hata kama si tunda ulilolipanga. Kisha ongeza moja ya popi na moja ya plamu. Usilifunge boksi kwenye gari, mvuke utazilowesha chenga. Ya popi uile kwanza, ulimi ukiwa bado safi, uanzie ukingoni ambako hakuna kitu ila mkate.