Kilichobaki na Kilichobadilika: Fani ya Picha katika Red Dead Redemption 2

Mjadala kuhusu ubora wa picha baina ya konsoli na kompyuta huishia mara nyingi kwenye hesabu: pikseli ngapi, fremu ngapi kwa sekunde. Hesabu hizo zina nafasi yake, lakini hazielezi picha imetungwaje, wala kwa nini sehemu moja ya skrini imeshughulikiwa kwa makini huku nyingine ikiguswa juujuu. Red Dead Redemption 2 ya Rockstar Games inatufaa sana kwa usomaji wa namna hiyo. Gemu hii ilitoka kwenye PlayStation 4 na Xbox One tarehe 26 Oktoba 2018, kisha ikaingia kwenye kompyuta tarehe 5 Novemba 2019. Hadithi ni ile ile, mandhari ni ile ile, na wahusika ni wale wale. Kilichofinyangwa upya ni fani ya picha, na kwa hiyo tunaweza kuichunguza fani hiyo bila maudhui kutuvuruga.

Toleo la konsoli limetungwa chini ya arudhi kali. Kwa mwendo wa fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ina takriban milisekunde 33 tu, na ndani ya muda huo lazima theluji, nywele, vivuli, mawingu na nuru viwe vimekwisha kuchorwa. Mtunzi wa tarbia anajua kwamba mshororo wake una mizani 16 na kwamba ya 17 haina pa kukaa. Vivyo hivyo, anayeitungia konsoli anajua uwezo wa mashine kabla hajaanza kazi, na kila anachokipunguza hukipunguza akijua atakifidia kwa nini.

Tazama sura ya kwanza, pale kundi la majambazi la Dutch van der Linde linapokimbilia milimani mwaka 1899, katikati ya dhoruba ya theluji. Ni usiku, upeo wa macho umefupishwa, na mwanga wa taa ya mkononi unasambaa ndani ya ukungu wenye ujazo, si utando uliobandikwa juu ya picha. Kwa kuwa mbali hakuonekani, jicho linalazimika kutua karibu: kwenye theluji inayobonyea chini ya kwato, kwenye mfereji unaoachwa nyuma na miguu ya mhusika mkuu, Arthur Morgan, kwenye chembe zilizoganda juu ya koti. Dhoruba hii inafanya kazi mbili kwa pigo moja, kwani inawabana wakimbizi kidrama na inaibana picha kiufundi, na mtazamaji hawezi kusema kazi ipi ilitangulia.

Hata hivyo, konsoli si moja. Xbox One ya awali ilichora kwa pikseli 1536 kwa 864, PlayStation 4 kwa 1920 kwa 1080, na Xbox One X kwa 3840 kwa 2160 kamili. PlayStation 4 Pro ilifuata njia ya drafti: ilichora pikseli 1920 kwa 2160, yaani nusu ya zinazohitajika, kisha ikajaza mapengo kwa kukisia na kwa kuazima kutoka fremu iliyotangulia. Mbinu hiyo inastahimilika kwenye mwamba au ukuta wa mbao, lakini inalegea palipo na vitu vyembamba na vingi. Majani ya miti, ndevu za Arthur na singa za farasi huyeyukiana na kuwa utepetevu laini. Hapo arudhi imeshindwa, kwa sababu gemu hii imejengwa juu ya vitu vyembamba na vingi.

Toleo la kompyuta liliongeza umbali wa uchoraji, likaimarisha vivuli vya karibu na vya mbali, na likaboresha nuru inayodunda kutoka uso mmoja hadi mwingine. Ukisimama kwenye kambi ya Horseshoe Overlook na kulitazama bonde asubuhi, unaiona tofauti mara moja. Kwenye konsoli, miti ya mbali hupoteza vivuli vyake na kuwa matabaka ya rangi inayofifia. Kwenye kompyuta kila kichaka kinashikilia kivuli chake, na ardhi inapata uzito hadi kwenye upeo. Lakini ukungu haukuondolewa. Mashine iliyopata nguvu ya kuchora mbali zaidi iliendelea kuyafunika yaliyo mbali, tena kwa ukungu wenye miale safi zaidi. Jambo hili lina uzito mkubwa katika hoja yetu: ukungu ulikuwa mtindo, ilhali kufifia kwa vivuli kulikuwa ubanaji wa matumizi.

Kipimo hicho cha kilichobaki na kilichobadilika kinafaa pia kwa mwendo. Wengi waliamini kwamba uzito wa Arthur, anavyoinama kuchuna ngozi ya mnyama au kufungua droo moja baada ya nyingine, ulitokana na fremu 30 na ukungu wa mwendo unaoziunganisha. Kwenye kompyuta yenye uwezo, kwa fremu 60 au zaidi, mikono ya mchezaji inajibiwa upesi zaidi, lakini uzito haupungui. Tunaona hata vizuri zaidi jinsi bega linavyotangulia na mguu kufuata. Uzito ulitungwa ndani ya uhuishaji wenyewe, na kasi ya fremu imeufichua tu.

Kompyuta nayo ina udhaifu wake wa kifani. Menyu yake ya mipangilio, yenye vipengele vingi, inamkabidhi mchezaji sehemu ya kazi ya utunzi, na mchezaji anaweza kuiharibu. Anayepandisha wingi wa pikseli huku akishusha ubora wa nuru hupata picha kali isiyo na hewa, ambamo kila ukingo unaonekana lakini hakuna kitu kilichokaa mahali pake. Kazi hii imejengwa kuanzia nuru, kisha vivuli, kisha utando wa vitu; mpangilio unaoheshimu daraja hilo, hata kwenye kadi ya michoro ya wastani, huwa mwaminifu zaidi kwa kazi yenyewe kuliko ule unaofukuza tarakimu.

Kwa hiyo toleo la kompyuta, likipangwa vyema, ndilo bora, nami nasema hivyo bila kusita. Lakini ubora wake mkubwa kwa mhakiki ni kwamba linatusaidia kulisoma toleo lililotangulia: yale ambayo nguvu ya mashine haikuyagusa ni nia ya wasanii, na yale iliyoyabadilisha yalikuwa masharti ya wakati. Ulinganishi usiotenganisha mambo hayo mawili utakuwa umepima mashine na kuiacha kazi ya sanaa bila kusomwa.