Kisanduku cha Vipodozi cha Kila Mwezi: Sampuli Inapima Nini, na Inaishia Wapi?

Mwaka 2010, wahitimu wawili wa Chuo cha Biashara cha Harvard, Katia Beauchamp na Hayley Barna, walianzisha kampuni ya Birchbox jijini New York. Mteja alilipa dola 10 kwa mwezi, akaletewa mlangoni kisanduku chenye sampuli tano hivi: krimu ya uso, shampuu, rangi ya mdomo, marashi, maskara. Mwaka uliofuata Michelle Phan, aliyejulikana kwa video zake za kujipodoa kwenye YouTube, alishiriki kuanzisha kampuni ambayo leo inaitwa Ipsy. Mwaka huohuo Glossybox ikazaliwa Berlin. Tangu hapo visanduku hivi vimeenea Marekani na Ulaya. Dada na shangazi zetu walio huko wanavipokea, na baadhi ya sampuli husafiri kwenye mabegi ya likizo hadi Dar es Salaam, Mombasa na Kampala.

Watu wengi hufungua kisanduku, wakapaka kila kitu wikendi moja, kisha wakatoa hukumu: hiki kizuri, kile kibaya. Nataka kuonyesha kwa nini hukumu hiyo haina msingi kwa karibu nusu ya vitu vilivyomo, na jinsi mtumiaji anavyoweza kuzijaribu sampuli zilezile akapata jibu la kuaminika. Kisanduku kiliundwa kujibu swali la muuzaji: je, mteja atakipenda kitu hiki kiasi cha kununua chupa kamili? Swali la ngozi ni jingine, nalo lina kanuni zake.

Mfumo ulivyojengwa

Tuanze na fedha, maana ndizo zinazoamua kinachoingia kisandukuni. Kampuni za vipodozi zimezoea kugawa sampuli bure madukani ili kuvuta wateja. Birchbox ilichukua desturi hiyo ikaipeleka nyumbani kwa posta. Kampuni zilitoa sampuli bure au kwa bei ndogo sana, ada ya mteja ikasaidia kulipia ufungashaji na usafirishaji, na faida kubwa ikatarajiwa pale mteja atakaporudi kununua chupa kamili kwenye duka la mtandaoni la Birchbox. Mwaka 2014 kampuni ilifungua pia duka la kawaida mtaa wa SoHo, New York.

Udhaifu wa mpango huo ni kwamba uhai wake unategemea sampuli kuzaa ununuzi, na hakuna kinachomzuia mteja kujaribu kwako akanunua kwingine. Ushindani ukawa mkali. Mwaka 2018 Birchbox iliingia mikononi mwa mwekezaji Viking Global, na mwaka 2021 ikauzwa kwa kampuni ya FemTec Health. Boxycharm ya Florida ilifuata njia nyingine kwa kutoa vipodozi vya ukubwa kamili kwa ada kubwa zaidi. Ipsy iliinunua mwaka 2020.

Yapo mambo mawili ya kushika hapa. La kwanza, kitu kinachopenya haraka kisandukuni ni kile kinachopendeza dakika ya kwanza, chenye harufu nzuri, ulaini na rangi inayong'aa, kwa kuwa ndicho kinachouza. La pili, mwezi ukiisha kisanduku kingine kinafika, hata kama cha kwanza bado hakijajulikana kimefanya nini. Ukubwa kamili unatatua tatizo la kiasi, lakini kasi ya kupokea vitu vipya inabaki ileile.

Hesabu ya mililita

Chukua sampuli ya krimu ya uso yenye mililita 10. Uso na shingo pamoja hutumia kama gramu moja kwa mpako mmoja. Ukipaka asubuhi na jioni, krimu imekwisha siku ya tano. Siku tano zinatosha kujua kama inakauka vizuri, kama inaacha mafuta, na kama inakaa sawa chini ya poda. Hazitoshi kujua kama ngozi imebadilika, kwa sababu tabaka la juu la ngozi ya kijana hujifanya upya kwa takriban siku 28, na kadiri umri unavyosonga muda huo hurefuka.

Retinoli, dawa ya vitamini A inayopendwa kwa mikunjo na chunusi, inaonyesha pengo hilo waziwazi zaidi. Kipimo chake cha usiku ni kama punje ya njegere, robo gramu hivi. Sampuli ya mililita 5 inakupa usiku ishirini. Lakini matokeo ya retinoli hupimwa baada ya wiki 12 hivi, yaani usiku 84. Kwa hiyo unahitaji zaidi ya sampuli nne za aina ileile ili uweze kusema jambo lolote la maana kuhusu uwezo wake. Katika siku hizo ishirini za mwanzo, kitu utakachokiona zaidi huenda kikawa ukavu na kubanduka kwa ngozi, ambavyo ni kawaida ya mwanzo. Mtu anayehukumu kwa sampuli moja ataitupa dawa ambayo pengine ingemfaa.

Losheni ya kukinga jua ina hesabu kali kuliko zote. Maabara hupima namba ya kinga, yaani SPF, kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita ya mraba ya ngozi. Uso wa mtu mzima una takriban sentimita 600 za mraba, hivyo unahitaji zaidi kidogo ya gramu moja. Pakiti ya mililita 5 inatosha mipako minne, na kwa mtu anayeshinda juani, ambaye anapaswa kurudia kila baada ya saa mbili, hiyo ni siku moja tu. Wengi huibana pakiti hiyo idumu wiki nzima. Wakifanya hivyo kinga wanayopata iko chini sana ya namba iliyoandikwa, na jaribio lao halipimi losheni ile hata kidogo.

Kuna vitu ambavyo udogo wake hauna hasara. Maskara ikishafunguliwa inafaa kutupwa baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu kila ukirudisha brashi ndani unaingiza bakteria walio kwenye kope. Kichupa kidogo hutosha karibu muda wote huo. Rangi ya mdomo hujulikana kwa mpako mmoja na kikombe kimoja cha chai. Sabuni ya uso hujieleza ndani ya siku chache: ngozi ikibaki imekaza na kuvuta baada ya kuoga, imeondolewa mafuta kupita kiasi.

Marashi yanahitaji subira ya saa badala ya miezi. Harufu unayoisikia mara tu baada ya kunyunyiza ni ya viungo vyepesi vinavyoruka upesi. Viungo vizito hubaki kwenye ngozi kwa saa kadhaa, na ndivyo utakavyoishi navyo. Nyunyiza kwenye kifundo cha mkono asubuhi, uamue jioni.

Jinsi ya kujaribu

Utaratibu ninaoufuata na kuutetea ni huu. Kisanduku kikifika, gawa vitu katika makundi matatu: vya papo hapo, yaani rangi na marashi; vya siku chache, yaani sabuni, krimu za unyevu na bidhaa za nywele; na vya miezi, yaani retinoli, vitamini C, niasinamidi, asidi za kubandua ngozi na chochote kinachodai kufuta madoa au mikunjo. Kundi la kwanza hutoa jibu mara moja, la pili ndani ya siku chache. Kundi la tatu liweke kando hadi uwe na kiasi cha kutosha au uamue kununua chupa nzima.

Kabla ya chochote kinachobaki kwenye ngozi kufika usoni, kijaribu mkononi. Madaktari wa ngozi wa Marekani wanashauri kupaka eneo dogo, kama upana wa sarafu, upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 10. Siku hizo zina sababu. Mzio wa ngozi huchelewa kujitokeza, mara nyingi siku mbili hadi nne baada ya kugusana na kitu, na ngozi inayokutana na kemikali kwa mara ya kwanza huweza kuchukua muda mrefu zaidi kabla ya kuikataa. Kimya cha saa moja hakikuhakikishii usalama. Kuonja mchuzi jikoni kunakuambia kama chumvi imekolea, hakukuambii tumbo litaupokeaje usiku.

Baada ya hapo ingiza kitu kimoja kipya usoni kwa wakati mmoja, mengine yote yabaki kama yalivyokuwa. Ukianza krimu, seramu na barakoa ya uso siku moja, kisha vipele vikatokea Alhamisi, utamshuku nani? Kwa bidhaa ya unyevu au ya kung'arisha, paka upande mmoja wa uso na uache mwingine uwe shahidi. Piga picha dirisha lilelile, saa ileile, bila kichujio cha simu. Kumbukumbu ya macho hudanganya. Picha mbili za mwanga mmoja huonyesha kilichobadilika.

Mwisho, tunza karatasi ya viungo. Kichupa cha sampuli ni kidogo, na kanuni za Ulaya huruhusu orodha ya viungo iwekwe kwenye boksi la nje au kijikaratasi kinachoambatana nacho. Ukitupa boksi umetupa ushahidi. Viungo huorodheshwa kuanzia chenye uzito mwingi kwenda kidogo, isipokuwa vile vilivyo chini ya asilimia 1, vinavyoweza kupangwa kwa mfuatano wowote. Ngozi ikikataa bidhaa mbili, linganisha orodha zake. Kinachojirudia, hasa manukato au kihifadhi, ndicho cha kumwonyesha daktari. Tazama pia alama ya kikopo kilichofunguliwa chenye namba kama 6M au 12M: hiyo ni miezi ya matumizi tangu siku ya kufungua.

Ngozi nyeusi hulipa zaidi ikikosewa

Utaratibu huu unamhusu kila mtu, lakini kwa msomaji wa rangi yetu una uzito wa pekee. Ngozi yenye melanini nyingi ikiwashwa, ikaungua kwa asidi au ikatoka vipele, huacha doa jeusi ambalo huweza kudumu miezi mingi baada ya kidonda kupona. Muwasho wa siku tatu kwa mtu mweupe, ambao kwake huishia wekundu, kwetu huweza kuwa alama ya nusu mwaka shavuni. Ndiyo maana siku kumi za kiwikoni ni bei nafuu.

Rangi nazo zina mtihani wake. Losheni nyingi za jua zenye zinki oksidi au titani dioksidi huacha ukungu mweupe usoni. Kasoro hiyo sampuli huifichua vizuri, nayo ni sababu halali ya kuikataa. Zile zilizotiwa rangi kwa oksidi za chuma hukaa vizuri zaidi, na zina faida ya ziada: hupunguza mwanga unaoonekana, ambao huchochea madoa kwenye ngozi nyeusi. Upande wa fondesheni, uzinduzi wa Fenty Beauty mwaka 2017 ukiwa na rangi 40 ulizisukuma kampuni nyingine kupanua orodha zao. Hata hivyo sampuli ya fondesheni isiyo ya rangi yako haina la kukufundisha. Jaza dodoso la kisanduku kwa makini, na kama kampuni haiulizi rangi ya ngozi, usitarajie fondesheni yake ikufae.

Na kikopo kisicho na lebo kisiguse uso, kiwe kimetoka ng'ambo au kwa muuzaji wa mtaani anayepima krimu kwa kijiko. Mkorogo wa kung'arisha ngozi huuzwa hivyohivyo. Zebaki katika krimu za kung'arisha ngozi huharibu figo, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulilenga kuziondoa sokoni. Haidrokwinoni nayo imepigwa marufuku katika vipodozi Tanzania na Kenya. Sampuli halali ina jina la mtengenezaji, namba ya toleo na viungo vyake.

Thamani na hukumu

Visanduku hutangaza kwamba vitu vyake vina thamani mara kadhaa ya ada. Hesabu hiyo hupatikana kwa kugawa bei ya chupa kamili kwa mililita. Krimu ya mililita 50 ikiuzwa dola 40, sampuli ya mililita 10 huhesabiwa dola 8. Hesabu ni sahihi, lakini thamani hiyo ni yako endapo tu ungeinunua krimu ile kwa hiari yako. Ukijaza droo kwa sampuli ambazo hutazitumia, umelipa dola zako kwa vitu visivyo na thamani kwako.

Hukumu yangu ni hii. Kwa rangi za mdomo, maskara, sabuni za uso, marashi na kujua ulaini wa krimu, kisanduku cha mwezi ni chombo kizuri, na kinakuepusha kununua chupa kubwa utakayoichukia. Kwa dawa za madoa, chunusi na mikunjo hakifai kabisa kama kipimo, na kampuni zingetutendea haki zaidi kama zingetuma bidhaa moja ya wiki 12 badala ya sampuli tano za siku tano. Hadi zifanye hivyo, jiunge kwa miezi michache, simamisha usajili droo ikijaa, na kwa fedha unazookoa nunua losheni moja nzuri ya jua, uipake kwa kiasi kinachotakiwa.