Anayeliliwa Ndiye Mtu: Ukatili dhidi ya Wahusika Wasio Binadamu katika Katuni, kwa Mtazamo wa Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna katuni za watoto zinavyotofautisha ukatili anaotendewa binadamu na ule anaotendewa mhusika asiye binadamu. Inadai kuwa mpaka unaolindwa na katuni si wa maumbile bali wa maombolezo: anayeliliwa ndiye huhesabiwa mtu. Inaonesha pia kuwa mfasiri wa Kiswahili hushiriki kuuchora mpaka huo kwa upatanisho wa kisarufi.

1. Utangulizi

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Wanyarwanda. Leo yanahifadhi pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Mtoto wa Nakivale, sawa na mwenzake wa jijini Mbarara, hukutana na katuni kwenye simu, kwenye televisheni na katika vibanda vya video. Hata hivyo, familia nyingi za makazini zilikimbia ukatili usio wa mchezo. Kwa hiyo swali la maumivu ya nani yanahesabiwa si la nadharia tupu.

2. Damu na mafuta

Kanuni ya kwanza inajulikana: asiye binadamu ndiye hubeba kipigo kizito. Katika vitabu vya Teenage Mutant Ninja Turtles vya mwaka 1984, maadui wanaouawa ni watu. Hadithi hiyo ilipoingia televisheni mwaka 1987, askari hao waligeuzwa roboti. Samurai Jack, ya mwaka 2001, ilifuata njia iyo hiyo: upanga unakata mashine, na kinachomwagika ni mafuta. Vitendo havikupungua, kilichobadilika ni mtendwa. Tom, paka aliyeanza kuonekana mwaka 1940, hupondwa na kulipuliwa, kisha huamka mzima. Roboti hafufuki, wala hakuna anayemuuliza.

Lakini kanuni hii haitoshi. Katika The Lion King (1994) hakuna binadamu hata mmoja, na bado vifo havilingani. Mufasa anapokufa, mwili wake unaoneshwa na mwanawe anaulilia. Scar anauawa na fisi kwenye vivuli vya moto, na hadithi inasonga mbele. Miongoni mwa fisi hao yumo aliyepewa jina la Kiswahili: Shenzi. Simba limekuwa jina la mrithi; tusi limekuwa jina la adui. Wote ni wanyama, ila mmoja amepewa utu na mwingine amenyimwa, na lugha iliyotumika kugawa ni ya kwetu.

3. Sarufi ya huruma

Kiswahili huweka wanyama na watu katika ngeli moja: mtu ameumia, paka ameumia. Hapo lugha ina ukarimu ambao katuni nyingi hazina. Lakini mfasiri anaweza kuuondoa ukarimu huo kwa silabi moja. Nyoka ameuawa, joka limeuawa. Mtu amelia, jitu limelia. Ukubwishaji humtoa kiumbe katika A-WA na kumpeleka LI-YA, pamoja na mawe na magogo. Roboti anayesema, anayeogopa na kuomba msamaha huweza kuwa "amevunjwa" au "imevunjwa", na mtoto husikia hukumu kabla ya kuona tendo.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano ulio kinyume. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert anamwonesha mtu mwema akiwachapa viboko manyani wawili kila usiku. Mfalme Rai anadai maelezo, na ndipo inapobainika kuwa manyani hao ni ndugu zake Adili, waliogeuzwa na jini. Nguvu ya hadithi iko kwenye kule kudai. Kipigo cha mnyama kinahitaji sababu, hata kabla haijajulikana kuwa chini ya ngozi yumo mtu.

4. Uzito wa hoja Nakivale

Inaweza kupingwa kuwa ngano zetu za Sungura na Fisi zina vipigo tele, na watoto hutofautisha mchezo na maisha. Pingamizi hilo ni sahihi kwa sehemu kubwa, na makala hii haidai kuwa katuni huzaa mauaji. Inadai jambo dogo zaidi: kuna hatua ya lugha inayotangulia ukatili. Gazeti la Kangura, lililoanza Rwanda mwaka 1990, lilitumia maandishi na katuni kueneza chuki dhidi ya Watutsi, likiwaita mende na nyoka. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani mhariri wake. Mende halilii mtu. Aliyeitwa mende alikwisha kutolewa miongoni mwa wanaoliliwa.

5. Hitimisho na mapendekezo

Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013 inakataza vipindi vinavyokuza utamaduni wa ukatili na ubaguzi wa kikabila, hasa kwa watoto na vijana. Wasimamizi wakihesabu ngumi na risasi pekee, watapitisha katuni ya roboti elfu waliokatwakatwa bila swali. Inapendekezwa kwamba mwongozo wa kufasiri katuni kwa Kiswahili umpe upatanisho wa A-WA kila mhusika anayesema na kuumia, na kwamba mandhari za maombolezo zisikatwe ili kufupisha kipindi. Walimu wa Nakivale na Mbarara, kwa upande wao, hawahitaji vifaa vipya. Baada ya katuni, waulize swali la Rai: huyu amepigwa kwa nini, na nani amemlilia?