Adabu za Chumba cha Mazoezi na Hatima ya Ushairi wa Taarab

Wapenzi wa taarab wana desturi ya kuuhukumu wimbo usiku wa onyesho. Mwimbaji husifiwa na kutuzwa, na asubuhi yake barazani huzungumzwa nani aliimba vyema na nani sauti ilimkwama. Ni wachache wanaouliza wimbo ule ulilelewa wapi. Ilhali kasoro nyingi zinazosikika jukwaani, khasa ile ya maneno ya shairi kumezwa na ala, hazikuzaliwa jukwaani. Zilizaliwa katika chumba cha mazoezi, mahala ambapo watu wengi hugawana ala zile zile na saa zile zile chache. Namna chumba hicho kinavyotumiwa ni sehemu ya sanaa yenyewe, na mhakiki wa ushairi unaoimbwa hana budi kuitia katika mizani yake.

Taarab ya Unguja ni sanaa ya ushirika tangu asili. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ilijipa jina la Kiarabu lenye maana ya ndugu wenye nyoyo safi. Jina hilo si pambo tupu. Firqa ya taarab hukusanya kanuni, udi, nai, fidla, akodiani, besi, rika na dumbak, pamoja na waitikiaji, na aghalabu ala zilizo ghali huwa ni mali ya klabu, si za mpigaji. Akiichezea ala vibaya mmoja, hasara huwa ya wote. Wahenga walinena kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Na kitendo cha muungwana katika klabu huanza pale anapokirudisha kitu cha watu mahala pake.

Zama za santuri zinatoa ushahidi wa faida ya mazoezi yenye nidhamu. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zao, upande mmoja wa santuri ulichukua kiasi cha dakika tatu tu. Nyimbo ambazo harusini ziliweza kurefushwa kadiri ya hamu ya wasikilizaji zilipaswa kuingia katika nafasi hiyo finyu. Hapo hapana budi mtu ajue ni beti zipi zibaki, ala ipi inyamaze, na kiitikio kirudiwe mara ngapi. Mambo kama hayo hayaamuliwi mbele ya chombo cha kurekodia. Huamuliwa na watu waliokwisha kuzoea kusikilizana.

Ama ala inayofunza somo hili kwa uwazi zaidi ni kanuni. Kwa bahati, neno hilo kwa Kiswahili ni jina la ala na pia ni jina la sheria, na maana zote mbili zimetoka katika neno moja la Kiarabu. Ala hiyo huwa na nyuzi zaidi ya 70, zilizopangwa tatu tatu kwa kila noti, na daraja lake huketi juu ya ngozi. Uzi mmoja kati ya watatu ukilegea, noti nzima huingia ukungu. Kuzilinganisha nyuzi zote hizo ni kazi ya subira, na hewa ya kisiwa, yenye chumvi na unyevu, huivuruga kazi hiyo upya kila siku. Kwa hiyo mtu anayeegemeza mkoba wake juu ya kanuni, au anayeweka kikombe cha chai kando ya ngozi ile, huwa amempokonya mwenzake wa saa inayofuata sehemu kubwa ya muda wake. Na anayekata uzi akanyamaza hudhulumu zaidi, kwani mwenzake huja kuligundua pengo hilo wakati amekwisha kukaa na kuvaa risha zake.

Dhara kubwa zaidi, hata hivyo, huliangukia shairi. Katika chumba kidogo mpigaji mmoja akipandisha sauti ya spika ili ajisikie, wa pili naye hupandisha, na wa tatu hupiga dumbak kwa nguvu ili asipotee. Mwimbaji aliye katikati yao hulazimika kupiga kelele. Apigaye kelele hukata silabi. Mshororo wa mizani 16 hufika masikioni ukiwa na mizani 12 au 13, na kina cha kati, ambacho mtunzi alikihangaikia usiku kucha, huzama kabisa. Zoezi hilo likirudiwa wiki nne, ila hiyo huwa mazoea, na mazoea ndiyo yanayopanda jukwaani. Kisha msikilizaji husema kwamba siku hizi hakuna watunzi. Watunzi wapo, maneno yao ndiyo yasiyosikika.

Wapo wanaodai kwamba masharti ya chumba huua vipaji, na kwamba kijana aachwe apige apendavyo. Hoja hiyo ina huruma, lakini imemgeukia asiyestahili. Mwenye ala yake nyumbani hadhuriki sana chumba kikiharibika. Anayedhurika ni yule asiye na chochote, ambaye fidla ya klabu ndiyo fidla yake pekee. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002, kimewafungulia wengi mlango wa namna hiyo. Mlango kama huo hubaki wazi maadamu kila anayeingia anamkumbuka atakayeingia baada yake.

Masharti yenyewe si mazito. Saa ziandikwe daftarini na ziheshimiwe, pamoja na dakika za kulinganisha nyuzi na za kurudisha vitu. Kilichovunjika kitajwe siku ile ile. Mmoja anapolinganisha, wengine wanyamaze. Sauti za ala zipimwe kwa sauti ya mwimbaji asiye na maikrofoni, na lolote linalomfunika lishuke. Fauka ya hayo, mtunzi wa shairi aalikwe walau siku moja aketi nyuma ya chumba bila karatasi mkononi. Mshororo asioweza kuusikia yeye aliyeutunga, hapana atakayeusikia usiku wa onyesho.

Taarab ya kisiwa imehifadhiwa zaidi ya karne moja na watu waliokubali kusubiriana. Kupungua kwa ushairi ndani yake kumelalamikiwa sana, na aghalabu lawama hutupiwa vinanda vya umeme na ladha ya vijana. Lawama hizo zina ukweli wake, lakini haziwezi kurudisha hata kina kimoja kilichopotea. Kinaweza kurudishwa na mpigaji anayeshusha mkono wake ili neno la mwenziwe lipite.