Blanketi la Viraka Bila Baridi

Uhakiki wa fasihi umelipenda sana blanketi la viraka, na kwa kulipenda huko umelitoa kitandani. Tangu miaka ya 1970, hasa kwa wahakiki wa Marekani wanaosoma maandishi ya wanawake, kitambaa kile kilichoungwa kwa vipande vya nguo kuukuu kimekuwa sitiari ya kila kitu: ya hadithi isiyokwenda kwa mstari mnyoofu, ya kumbukumbu, ya udada, hata ya taifa zima. Mwaka 1986 Elaine Showalter aliandika insha iliyolinganisha kuunga viraka na kuandika. Ni insha nzuri, na katika semina za uzamili bado inafanya kazi yake: ukiitaja, mjadala unasonga. Tatizo langu si insha hiyo. Tatizo ni kwamba baada ya miaka mingi ya sitiari, mtu anaweza kusoma kurasa mia za uhakiki juu ya mablanketi haya asikute mahali popote panaposema kwamba watu waliyashona kwa sababu walikuwa wanatetemeka.

Tuanze na kitu chenyewe. Kamusi zetu zina neno mfarishi, lakini halisikiki sana midomoni mwa watu wa rika langu, kwa hiyo nitaendelea kusema blanketi la viraka. Lina tabaka tatu. Juu kuna viraka vilivyoungwa kimoja kimoja. Chini kuna kitambaa cha mgongo, ambacho katika nyumba maskini mara nyingi kilikuwa mifuko ya unga iliyofuliwa na kufumuliwa. Katikati kuna pamba. Tabaka hizo zisiposhikamanishwa, pamba hukimbilia pembeni na kujikusanya kama kwenye mto mbovu. Njia za kuzishikamanisha ni mbili. Ya kwanza ni kupiga bandi ndogondogo uso mzima, sindano ikipenya tabaka zote tatu, blanketi likiwa limewambwa kwenye fremu ya mbao. Hiyo ni kazi ya majuma. Ya pili ni kupenyeza uzi hapa na pale na kufunga fundo. Fundo ni la haraka, na si la sifa sana. Zikumbuke njia hizi mbili, maana kuna kesi ya mauaji inayozunguka juu yake.

Susan Glaspell alizaliwa Davenport, Iowa, mwaka 1876, na kabla ya kuandika tamthilia alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la Des Moines Daily News. Desemba 1900 mkulima mmoja, John Hossack, alipigwa shoka akiwa kitandani mwake, na mkewe Margaret akashtakiwa. Glaspell aliifuatilia kesi ile na kuiripoti. Margaret alitiwa hatiani mwaka 1901, Mahakama ya Juu ya Iowa ikaitengua hukumu mwaka uliofuata, na kesi ya pili ikaisha bila juri kukubaliana. Wakati huo mwanamke wa Iowa hakuruhusiwa kuketi kwenye juri. Aliyemhukumu Margaret alikuwa lazima awe mwanaume. Zaidi ya miaka kumi baadaye, Glaspell aliitoa kesi hiyo kumbukumbuni akaiandikia tamthilia fupi, Trifles, yaani mambo madogomadogo yasiyo na uzito. Mwaka 1917 akaigeuza kuwa hadithi, A Jury of Her Peers. Shoka likawa kamba, na kando ya kamba akaweka kikapu cha kushonea.

Trifles iliigizwa kwa mara ya kwanza Agosti 1916, Provincetown, Massachusetts, kwenye banda lililokuwa juu ya gati. Agosti kule ni majira ya joto, na Provincetown ni mji wa ufukweni. Watazamaji wale wa kwanza waliketi katika hewa ya bahari wakitazama jiko la nyumba ya shamba ambamo kila kitu kimeganda. Nadhani Glaspell alijua anachowafanyia. Jambo la kwanza wanalofanya wanaume wakiingia ni kusogea kwenye moto. Mwanamke mwenye nyumba, Minnie Wright, yuko mahabusu, na kinachomsumbua kule ni kwamba moto wa nyumbani utazimika na chupa zake za matunda aliyoyasindika zitapasuka kwa baridi. Zimepasuka kweli, isipokuwa moja. Sherifu anacheka: mtu ameshikwa kwa mauaji, anawaza matunda! Lakini msomaji aliyewahi kuona mtu akikaa juu ya jiko mwezi wa joto kali ili kuwe na kitu kitamu wakati ardhi imelala anajua kwamba chupa zile ni hesabu ya mwaka mzima.

Darasani, ndege hupewa saa nzima na jiko dakika moja. Ndege ni yule wa kufugwa ambaye wanawake wawili, Bi Hale na Bi Peters, wanamkuta ndani ya kikapu cha kushonea, amefungwa kwenye kitambaa cha hariri, shingo imenyongwa. Anafaa sana kwa mtihani: Minnie alikuwa msichana mwenye sauti nzuri, mume kamnyonga ndege, mke kamnyonga mume. Sawa. Lakini kabla ya ndege kuna jiko la chuma lililopasuka ndani, ambalo Bi Hale analitazama na kuwaza miaka ya kupika juu yake. Kuna nyumba iliyo bondeni, ambako barabara haionekani. Kuna mume ambaye Bi Hale, alipotakiwa amweleze, hamwiti mlevi wala mkatili. Anamfananisha na upepo unaofika mfupani. Katika tamthilia hii baridi si mandhari. Ni namna ya ndoa.

Ndipo tunafika kwenye viraka. Minnie alikuwa anaunga mtindo unaoitwa nyumba ya magogo: mraba mdogo katikati, kisha vipande vyembamba vinavyouzunguka kama kuta, upande mmoja rangi za mwanga, upande mwingine za giza. Kwa mapokeo ya washonaji, mraba wa katikati huwa mwekundu, nao ni moto wa nyumbani. Majira yote ya baridi, katika nyumba ambayo jiko lake limepasuka na mumewe ni upepo, Minnie ameketi akishona vijumba ambavyo kila kimoja kina moto. Glaspell hatuambii rangi ya viraka vile, wala hatujulishi kwamba hili ni jambo la kuzingatia. Analitaja jina la mtindo tu, na kuliacha.

Kisha kiraka kimoja kimeshonwa vibaya. Vingine vyote mshono umenyooka. Hiki kimekwenda ovyo, kama mkono uliokuwa unatetemeka kwa kitu kingine kisicho baridi. Bi Hale anakifumua na kukishona upya, na hapo ndipo ushahidi wa kwanza unafutwa, kwa sindano, mbele ya mke wa sherifu. Wanaume wanapita wakiwacheka kwa kuwasikia wakijiuliza kama Minnie alikusudia kulipiga bandi blanketi lake au kulifunga mafundo. Mwishoni mwendesha mashtaka anarudia utani huo, akisema kwa dhihaka kwamba angalau wamegundua hakukusudia kulipiga bandi, kisha akiwauliza wanawake wao wanaitaje ile njia nyingine. Bi Hale, mkono wake ukiwa juu ya mfuko ambamo sasa yumo ndege, anamjibu kwa neno la ufundi: alikuwa atalifunga mafundo.

Jaribu kuipeleka sentensi hiyo kwenye Kiswahili uone kinachotokea. Kiingereza kinacheza na sauti, maana fundo na kikanusho vinatamkwa sawa. Wapo wanaosikia humo kukana kwa mwanamke. Mchezo huo kwetu unakufa. Badala yake Kiswahili kinaleta kitu ambacho Glaspell hakuwa nacho: kwetu fundo liko pia moyoni. Mwenye fundo ni mwenye kinyongo, na kinyongo chenyewe kina kunyonga ndani yake. Tafsiri ya kawaida kabisa, bila ujanja wowote, ingeweka kwenye kinywa cha Bi Hale kamba, uzi na miaka thelathini ya uchungu kwa pamoja, na mwendesha mashtaka bado asingesikia. Sijui kwa nini tamthilia hii haiigizwi kwenye shule zetu. Ina watu watano tu na chumba kimoja.

Kusini zaidi, katika Wilaya ya Wilcox, Alabama, Mto Alabama unajikunja na kuifanya ardhi iwe karibu kisiwa. Hapo ni Gee's Bend. Watu wake wengi wanaitwa Pettway, jina la mtu aliyewamiliki mababu zao utumwani. Mwaka 1962, wakati wakazi walipoanza kudai kujiandikisha kupiga kura, kivuko cha kwenda mjini kiliondolewa, na hakikurudi hadi 2006. Baridi ya Alabama si ya Iowa, lakini nyumba zilikuwa za mbao zenye nyufa, na watu walibandika magazeti ukutani kuzuia upepo. Wanawake walishona kwa ovaroli zilizochakaa, jinzi zilizopauka magotini na mabaki ya kodrai. Blanketi likichakaa kabisa lilichomwa, moshi wake ufukuze mbu. Hii sehemu ya mbu naipenda kuliko sehemu zote, kwa kuwa hakuna mhakiki aliyeweza kuifanya sitiari.

Mwaka 1971 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilitundika mablanketi ya viraka ukutani kama michoro ya kisasa, na wengi wa walioyashona hawakuwa na majina. Mwaka 2002 jumba hilohilo liliyapokea ya Gee's Bend, safari hii kwa majina, na wahakiki wakubwa wa sanaa waliyasifu kwa sauti ya juu. Hayo ni maendeleo, nisiyabeze. Miaka mitano baadaye baadhi ya washonaji wale walikwenda mahakamani wakidai kwamba fedha zilizotokana na kazi zao hazikuwafikia ipasavyo. Mashauri yakamalizwa kwa makubaliano mwaka 2008. Ukutani hali ya hewa ni ileile mwaka mzima. Ukisimama pale ni rahisi kuzungumzia mdundo wa rangi na uhuru wa mstari, na vyote vipo kweli. Lakini msikilize Loretta Pettway, mmoja wa wanaosifiwa zaidi. Amesimulia kwamba bibi yake alimwambia ashone mablanketi kwa sababu atayahitaji, naye akakataa. Alikuwa anarudi kutoka shambani amechoka mno. Alianza kushona alipopata nyumba yake mwenyewe, nyumba mbovu, akaona baridi. Msanii mkubwa ambaye hakuitaka sanaa yake: hilo halikai vizuri kwenye sitiari ya udada, na ndiyo maana linanipa imani nalo.

Hapa ndipo ninapotaka kuisoma Everyday Use, hadithi ya Alice Walker ya mwaka 1973, ambayo kila mtu anadhani ameshaimaliza. Dee, binti msomi, anarudi kijijini kwa mama yake na mdogo wake Maggie. Anataka mablanketi mawili yaliyoungwa na bibi, ndani yake kukiwa na kipande kidogo cha sare ya babu mkuu aliyepigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Atayatundika. Mama ameshamwahidi Maggie atakapoolewa, na Dee anapiga kelele kwamba Maggie atayatumia kila siku hadi yawe matambara. Jibu la mtihani ni kwamba Maggie ni urithi ulio hai na Dee ni pambo. Ni jibu rahisi mno, na linawafaa wasomaji wenye shahada, ambao kwa elimu na safari zetu sote ni Dee, ila tukiwa darasani tunampigia kura Maggie. Dee ana hoja. Bila watu wa aina yake, kazi za Gee's Bend zingeishia kwenye moshi wa mbu.

Anachokosea ni majira. Dee anakuja wakati wa joto. Walker anasisitiza joto hilo, gauni lake refu linawaka hadi linaumiza macho. Alipokuwa anakwenda chuoni mama alimpa blanketi, akalikataa kwa kuwa ni la kizamani. Sasa ni joto, blanketi halihitajiki, kwa hiyo linaweza kuwa zuri.

Na kuna salamu yake. Dee amejipa jina Wangero, na anashuka garini akisalimia kwa maneno ambayo msomaji wa Marekani huyapita kama kelele za Kiafrika. Msomaji wa Kampala hayapiti. Ni Kiganda, kimeandikwa kwa kuvunjwavunjwa: wasuze otya nno. Wahakiki wameionyesha asili yake, na wengi wanaishia kwenye tahajia, kwamba Dee anaivaa Afrika kama hereni. Lakini angalia inachouliza. Inauliza umelalaje. Ni salamu ya asubuhi, ya mtu anayetaka kujua usiku wako ulipitaje. Dee anawauliza mama na mdogo wake jinsi walivyolala, hajui anachouliza, na hapohapo amekuja kuchukua wanachojifunikia.

Hakuna anayemjibu. Mwenzake anaingilia kwa salamu nyingine, chakula kinaliwa, sanduku linafunguliwa, mama anampokonya yale mablanketi mikononi na kuyatupa mapajani mwa Maggie. Gari linaondoka na vumbi. Mama na Maggie wanabaki uani na ugoro wao, jioni inaingia, na sentensi ya mwisho ya hadithi inawapeleka ndani, kitandani.