Heko Wachora Ramani Huria

Pongezi zangu ni kwa vijana wa Ramani Huria, mradi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaa inayofurika pamoja na wenyeji wanaoijua mifereji yake, hata ile iliyozibwa na taka. Waliyoyaona wakayaingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuihariri na kuitumia bila kulipia leseni.

Ninachokisifu zaidi ni namna ya kufanya kazi pamoja. Mtaalamu hakumpuuza mkazi. Na kwa kuwa ramani hiyo hutunza kumbukumbu ya kila aliyehariri, kosa hurekebishwa bila kutafutana mchawi, na aliyefanya vizuri huonekana. Wasimamizi wa ofisi zetu waige hapo.

Hata huku kwetu Kigombe, mkoani Tanga, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, manahodha wanaijua miamba kuliko karatasi yoyote. Vijana wenye simu, kaeni nao muwasikilize. Anzeni kuchora ramani ya diko, visima na njia za kijijini.