Mshororo wa Nne

Hapa Bowie, Maryland, watu wa rika langu wakianza kuzungumzia mpira wa kikapu hawachelewi kumfikia Len Bias. Alikuwa kijana wa Landover, kaunti hii hii ya Prince George's. Tarehe 17 Juni 1986 Boston Celtics walimchagua, wa pili kati ya vijana wote waliokuwa wakingoja kuingia NBA. Tarehe 19 alikuwa maiti, kokeini imemuua, ana miaka 22. Mzee akifa, mtunzi wa tanzia ana wajukuu, mashamba, safari na nyadhifa za kutaja. Kijana huyu ana nini? Ana jioni moja.

Ndiyo maana naiheshimu tanzia ya kijana kuliko tungo nyingine zote. Mtunzi amepewa kitu kidogo, na kila sifa anayoiongeza inazidi kukidunisha.

A. E. Housman, katika diwani yake ya 1896, A Shropshire Lad, ana shairi la mkimbiaji aliyefariki kijana. Siku aliposhinda, watu wa mji walimbeba mabegani. Sasa wanambeba mabegani tena. Basi. Aliyewahi kupokezana jeneza njiani kwenda makaburini hahitaji kuelezwa zaidi. Faraja anayoitoa baadaye, kwamba kijana alifanya busara kuondoka kabla sifa zake hazijachakaa, siikubali. Hakuna mama atakayeipokea. Lakini kule kubebwa kumoja, kukatumika mara mbili, ni kazi ya fundi aliyekamilika.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alijitwika mzigo mzito zaidi katika Al-Inkishafi. Aliulilia mji mzima wa Pate, akauambia moyo wake utazame nyumba: madaka yaliyopangwa sahani sasa yamelaza makinda ya ndege. Mahali pa kuweka sahani tu, na fahari yote ya matajiri wale unaiona.

Kwa ufundi huo namfikiria Kelvin Kiptum. Alikimbia marathoni tatu tu, Valencia 2022, London na Chicago 2023, na zote akashinda. Ya Chicago, saa 2 na sekunde 35, iliidhinishwa kuwa rekodi ya dunia tarehe 6 Februari 2024. Tarehe 11 akafa katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, ana miaka 24. Ningemtungia utenzi, ambao ubeti wake una mishororo minne ya mizani nane nane. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja: mbio tatu, mishororo mitatu, wala hapana nafasi ya kumwita nyota au simba. Wa nne huwaacha wenzake ukafuata kina cha mishororo ya nne ya beti zote. Hapo ningeyaweka mauti yake, ili kina kimfungamanishe, katika ubeti wa pili, na Samuel Wanjiru, bingwa wa Olimpiki ya Beijing 2008, aliyefariki 2011 akiwa na miaka 24 vilevile, na ubeti unaofuata uwe wa Bias.